Konzi Moja ya Kindi

Waliokuwapo kando ya moto jioni ile ni hawa: mke wangu, Bi Sabela Nachundwa, aliyekuwa akichoma korosho, wajukuu zetu wawili, Eusebia Mkwinda na Damiano Mkwinda, na mtoto wa jirani, Rehani Chitanda, ambaye wengi humwita Rehema, lakini jina lake ni Rehani. Wa tano nilikuwa mimi.

Korosho zilikuwa juu ya bati lenye matundu. Mafuta ya maganda yalidondoka, moto ukaruka, watoto wakarudi nyuma wakicheka. Bi Sabela akauzima kwa mchanga, akaanza kubangua kwa jiwe.

"Ziko tayari, Bibi?" Damiano akauliza.

"Zinaunguza. Mwambieni babu yenu asimulie, midomo yenu ipate kazi nyingine."

Nikasema, "Paukwa!"

"Pakawa!"

Kale, kale ile ambayo babu yangu aliisikia tu na hakuiona, aliishi Mama Ndezi, yule panya mkubwa wa vichakani, katika bonde la mto Lukuledi. Mumewe aliliwa na chatu mwezi wa Agosti. Alibaki na watoto watano. Majina yao ni Bua, Fundo, Tawi, Jani na Chembe. Chembe ndiye aliyekuwa mdogo.

"Chatu alimmeza mzima?" Damiano akauliza.

"Mzima. Tuendelee."

Vyura walianza kulia. Vyura wakilia, mvua iko njiani, na mto ukifurika tundu lake la bondeni hujaa maji. Basi Mama Ndezi akapanda kilimani kuchimba tundu jipya. Lilitakiwa liwe na urefu wa dhiraa sita, na alikuwa na siku tatu tu. Akichelewa, watoto watazama.

Huko kulikuwa na desturi. Mwenye kuchimba hapiki. Majirani humletea chakula kwa zamu, naye hula chote alicholetewa, hasemi kichache, hasemi kingi. Kukirudisha ni kumtukana aliyekileta.

Siku ya kwanza alikuja Tumbili na mzigo wa miwa.

"Shikamoo, Mama Ndezi. Kula, mama, utamu ni nguvu!"

Mama Ndezi akatafuna. Mwili ukachemka, akachimba kwa kasi, mchanga ukaruka, pu! pu! pu! Jasho halijakauka, tumbo lake likaita:

"Mama Ndezi, weka! Mama Ndezi, weka! Mimi ni debe tupu!"

Akaacha kuchimba, akala muwa. Akachimba kidogo. Tumbo likaita tena. Semeni!

"Mama Ndezi, weka! Mama Ndezi, weka! Mimi ni debe tupu!" watoto wakaitika.

Ikawa hivyo kutwa nzima. Muwa na jembe, muwa na jembe. Jua lilipozama miwa ilikwisha, na tundu lilikuwa na urefu wa dhiraa moja.

"Ndezi ana jembe?" Rehani akauliza.

"Meno yake ndiyo jembe lake."

Siku ya pili vyura walilia zaidi. Akaja Ngiri, mwenye shamba la ufuta. Alibeba kapu la karanga za kukaanga na kibuyu kizima cha mafuta.

"Nimesikia tumbo lako linapiga kelele mpaka kwangu," Ngiri akasema. "Miwa ni maji ya watoto. Mafuta ndiyo yanayokaa tumboni!"

Hapo Ngiri hakukosea. Mama Ndezi akala kapu lote, akanywa kibuyu chote, kwa kuwa desturi ni desturi. Akangoja tumbo liite. Tumbo halikuita. Akafurahi, akainama achimbe. Ndipo likasema kwa sauti nzito:

"Mama Ndezi, lala. Mama Ndezi, lala. Mimi ni gunia la mawe."

Akajiegemeza kidogo tu. Alipofumbua macho jua lilikuwa limezama, na dhiraa ilikuwa ile ile moja.

"Ee, mjinga!" Damiano akasema.

"Si mjinga," Bi Sabela akamjibu. "Ana adabu. Wewe ungemrudishia Ngiri kibuyu chake na meno yake yale?"

Siku ya tatu mawingu yalikuwa meusi. Mama Ndezi alipoona ni zamu ya nani, alikaribia kulia. Ilikuwa zamu ya Kindi, na Kindi alikuwa bahili. Akaja na muhogo mmoja wa kuchemsha, majani ya kunde, na korosho konzi moja.

Mama Ndezi akaiangalia ile konzi. Kindi akamwona.

"Huo ndio mkono wangu, dada. Ukitaka mkono mkubwa, kamwite Tembo."

Bi Sabela alicheka mpaka akaangusha jiwe. Hapo akawagawia watoto korosho. Damiano akalalamika kwamba za Eusebia ni nyingi, akaambiwa akamwite Tembo.

Mama Ndezi akakipokea chakula. Akala. Kwa kuwa korosho zilikuwa chache, alizitafuna moja moja, polepole, apate kuzikumbuka. Kisha akachimba, akingoja kelele. Akachimba dhiraa moja. Kimya. Akachimba nyingine. Kimya. Akaingiwa na hofu, akauliza, "Tumbo, umekufa?"

Tumbo likajibu, "Mama Ndezi, chimba. Mama Ndezi, chimba. Mimi nimo tu."

Semeni!

"Mama Ndezi, chimba. Mama Ndezi, chimba. Mimi nimo tu!"

Alasiri alimaliza dhiraa ya sita, na tone la kwanza likamwangukia mgongoni. Akateremka mbio. Akambeba Bua kwa meno, akapanda. Akambeba Fundo, akapanda. Akambeba Tawi. Akambeba Jani. Mto ukapiga kelele, maji yakaingia mlangoni. Chembe alikuwa bado ndani.

"Babu!" Rehani akasema, korosho mkononi.

Mama Ndezi akateremka mara ya tano, amechoka. Lakini tumbo halikumwita kula, wala halikumwita kulala. Lilisema, "Nenda, nimo." Akazama mlangoni, akamshika Chembe shingoni, akapanda naye wakidondoka maji wote wawili.

Kindi alikuwa juu ya mti, anatazama. "Unaona?" akasema. "Na konzi yangu uliidharau!"

Wanangu, utamu mtupu huliamsha tumbo, nalo haliachi kudai. Mafuta kidogo hulituliza, mafuta mengi hulitawala. Kindi hakujua hayo. Alikuwa bahili tu, lakini alichokileta kilikuwa kipimo.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye kichwa cha kuibeba, aibebe.

Watoto wakapiga makofi. Eusebia akamsindikiza Rehani mpaka kwao.

Bi Sabela Nachundwa alifariki Jumatano iliyofuata, saa tatu ya asubuhi. Ndiyo maana nawakumbuka wote waliokuwapo kando ya moto jioni ile.