Vikuku vya Bibi Kobe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango, makomeo na majirani wenye midomo, palikuwa na mtaa ukiitwa Vichuguuni. Sogeeni karibu, wanangu, maana habari yenyewe haisemwi kwa sauti.

Vichuguuni uliingia wizi wa ajabu. Mwizi haji usiku, anakuja mchana, siku ya msiba! Wanawake wako matangani wanachambua mchele, wanaume wanachimba kaburi, kumbe huku nyuma nyumba ya mtu inafagiliwa. Unarudi kutoka kuzika, sufuria nalo limekwenda.

Basi kila mtu akamshuku mwenzake. Raia wakasema, "Polisi wanakula na wezi." Polisi wakasema, "Raia wanawajua wezi wao, wanawaficha." Wakipishana njiani, salamu zinatokea puani.

Mwishowe akakamatwa Nungunungu. Mwiba wake mmoja ulikutwa dirishani pa nyumba iliyoibiwa, na aliyeuona ni Koplo Chui wa kituoni.

"Mwiba wa nani huu, kama si wako?"

"Afande, miiba yangu inadondoka kila mahali! Watoto wa mtaa mzima wanachokolea meno!"

Wapi! Akatiwa mahabusu, na gari la kumpeleka gerezani ng'ambo ya mto lilikuwa lije Ijumaa.

Sasa huyo Nungunungu ndiye aliyemlea Kindi, tangu mama yake Kindi alipochukuliwa na mwewe. Na Kindi mnamjua, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na masikio yake, ah, hayakosi neno. Aliposikia habari ya Ijumaa, akaisukuma sahani ya ugali pembeni.

"Mwiba unaokotwa, ukawekwa dirishani," akajisemea. "Hapa mwizi ana mtu wake kituoni. Ila ni nani?"

Afande Nyati, mkuu wa kituo? Huyo na raia haongei, anakoroma tu. Koplo Chui? Anacheka na kila mtu. Na mtu anayecheka na kila mtu, wanangu, mhesabieni meno.

Kindi akaenda kwa Bibi Kobe, kikongwe aliyeishi peke yake jirani na Nungunungu.

"Bibi, nataka ufe."

"Ee! Mjukuu wangu, nimekukosea nini?"

"Ufe kidogo tu. Mpaka alasiri."

Akamweleza mambo yote. Bibi Kobe akafikiri, kichwa kikaingia ndani, kikatoka.

"Nitalazwa wapi?"

"Uani kwa mke wa Nungunungu, chini ya turubai. Kwako watu hawatoshi."

"Na nitasikia watakavyonisema?"

"Neno kwa neno."

"Basi nimeshakufa! Niletee shuka."

Kindi akagema utomvu wa mfenesi, akaupika hadi ukawa ulimbo mzito, ule wa kunasia ndege. Akaupaka mtungi, akaufukia mtungi kwenye majivu ya jikoni kwa Bibi Kobe. Ulimbo mwingine akautia ndani ya mto wa sufi, akausukuma mto uvunguni mwa kitanda. Halafu huyooo, mbio kituoni, analia njia nzima.

"Afande, Bibi Kobe amefariki!"

"Mh," Nyati akakoroma. "Mmemfanya nini?"

"Uzee, afande. Naomba unilindie nyumba yake. Ameacha vikuku vya dhahabu, viko ndani ya mtungi, majivuni jikoni. Nimekwambia wewe tu."

"Nyie raia! Mwizi mnamjua, halafu mnakuja hapa, tulindieni, tulindieni!"

"Na nyie mnalinda, halafu tunaibiwa."

Nyati akampiga jicho. Kindi naye akalirudisha lile jicho lilikotoka.

Alipotoka nje, Koplo Chui akamfuata, nyatu, nyatu, nyatu. "Pole, dada Kindi. Marehemu kaacha chochote?"

Kindi akafuta chozi ambalo halikuwepo. "Vikuku vya dhahabu, kaka. Viko uvunguni, ndani ya mto wa sufi. Usimwambie mtu."

"Nani, mimi? Mimi ni kaburi!"

Mchana ule msiba ukajaa. Aliyelia kupita wote ni Nyani, mwenyekiti wa ulinzi wa mtaa, filimbi shingoni, kanzu mpaka chini. Raia walimwamini kwa sababu moja kubwa: hakuwa polisi.

"Uwiii! Bibi yetu! Nani atatuonya sasa? Uwiii!" Akapenga kamasi, akainuka. "Jamani, nakwenda kuwahimiza wachimba kaburi."

Koplo Chui alikuwa amesimama njiani, mbele ya nyumba ya Bibi Kobe, kifua mbele. "Hakuna kupita huku! Tunalinda mali ya marehemu!"

Kindi akakaa karibu na maiti, macho yanazunguka. Pembeni wanawake walikuwa wameshaanza.

"Alikuwa mtu mwema, masikini."

"Mwema sana. Ila chumvi alikuwa hakupi, hata ya kuonja."

Shuka likatikisika.

"Upepo," Kindi akasema upesi, akalikalia.

Mwenyekiti Nyani akarudi anahema. Nyati naye akaja kutoa pole, akaketi nyuma, na watu wakasogea mbali naye kama ana upele. Chui akaja akasimama kando. Mzee Korongo akakohoa. "Haya, tuinue mikono, tumwombee marehemu."

Hapo ndipo Kindi alipokuwa akipangojea. Akaangalia viganja vya Chui. Visafi! Hata uzi wa sufi hamna. Siku imekwisha, na kesho ndiyo Ijumaa. Akageuka amtazame Nyati, lakini jicho likaishia njiani, kwa Mwenyekiti Nyani. Mkono mmoja juu. Wa pili umo mfukoni mwa kanzu.

Nyani! Huyo hakumfikiria hata kidogo.

Sasa jueni kwamba ukoo wa Kindi na ukoo wa Nyani ni watani tangu enzi za mababu, na msibani mtani akikuchokoza huna ruhusa ya kununa.

"Mtani!" Kindi akapaza sauti. "Bibi unamwombea nusu? Huo mkono mwingine umeuweka rehani?"

Watu wakacheka kwikwikwi.

"Niache, mtani wangu. Umekufa ganzi."

"Umekufa? Basi utoe tuuzike pamoja na Bibi!"

Akamrukia, chwi! Akashika kiwiko, akavuta. Kanzu, chraaa! Mkono ukatoka na mfuko wake, vidole vimegandana, na sufi imejaa tele, nyeupe pepepe.

"Mwizi!" Koplo Chui alikuwa ameshafika na pingu. "Mwenyekiti, uko chini ya ulinzi! Twende kituoni, hakuna maneno!"

"Polepole, kaka koplo," Kindi akasema. "Hiyo sufi kaitoa wapi?"

"Si kwenye mto wa marehemu, uvunguni!"

"Ala! Afande Nyati nilimwambia vikuku viko majivuni. Habari ya uvunguni nilimwambia mtu mmoja tu, naye akaniambia yeye ni kaburi. Kaburi gani hili linalotapika?"

Nyani akamgeukia Chui, meno nje. "Unataka kunifunga mimi? Na mwiba wa Nungunungu, nani alinituma niuokote? Na njiani ulikuwa unamlinda nani?"

"Lo! Mwenyekiti wetu!" wakasema raia.

"Lo! Koplo wetu!" wakasema polisi.

Kumbe, wanangu, wakati raia na polisi wanatukanana, hao wawili walikuwa wanashirikiana vizuri mno.

Nyati akainuka, ardhi ikatikisika. "Mimi uliniambia majivuni. Kwa hiyo ulinishuku."

"Sana, afande. Nionyeshe kwato."

Nyati akageuza kwato moja, akageuza ya pili. Safi.

"Na mimi nilikushuku wewe," akasema. "Nilidhani umemuua bibi wa watu."

"Hajafa."

Shuka likaruka huko! "Nani kasema nilinyima chumvi? Nani?"

Wuuu! Korongo juu ya paa, masufuria chini, wanawake wa chumvi hawakuonekana mpaka Jumapili.

Nyati alimvua Chui mkanda na kofia kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, akamfunga pingu pamoja na Nyani. Kisha akaenda na Kindi kituoni, akafungua mlango wa mahabusu, akamwambia Nungunungu, "Mzee wangu, tumekukosea." Nungunungu akamkumbatia Kindi, na Kindi akachomwa kila mahali, akavumilia.

Toka siku hiyo, kila penye msiba Vichuguuni, raia mmoja na polisi mmoja hukaa pamoja njiani, wanakula karanga kutoka sahani moja, na kila mmoja anaitazama mikono ya mwenzake. Sufuria halijapotea tena.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, na neno lake ndilo hili: ulinzi ni wa wawili, na anayekulinda naye alindwe.