Nazi za Bi Mize

Palikuwa na Sultani wa mji wa Pambazo aliyechukia kicheko mahali pa kazi. Yeye mwenyewe alicheza bao na waziri wake kila alasiri, lakini hiyo aliiita shughuli ya serikali. Waziri alishindwa kila siku kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na nyumba tatu.

Sultani alikuwa na chuo kikuu cha uhandisi, na humo alifundisha Bi Mize binti Kheri, mtoto wa msuka majamvi, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Bi Mize alifundisha madaraja kwa mchezo. Kila mwanafunzi alijenga daraja dogo la chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi, baina ya viti viwili, akaweka mguu wake chini ya daraja hilo, kisha wenzake wakalipakia nazi, moja moja. Kila nazi iliyokaa, alama moja. Daraja likivunjika, nazi zinashukia vidole, darasa zima linacheka, na mwenye vidole anaanza upya akichechemea. Nawaambieni, jamani, hakuna aliyerudia kosa lile lile mara ya pili.

Kicheko kikafika ikulu. Bi Mize akaitwa. Kando ya Sultani alisimama Badawi, Mhandisi Mkuu, aliyesoma miaka kumi na miwili bila kutabasamu, na ambaye wiki hiyo alikuwa amemaliza daraja jipya la mtoni.

"Nasikia wanafunzi wako wanacheka daraja likianguka," akasema Sultani.

"Ni kweli, Maulana. Likianguka darasani tunacheka. Likianguka mtoni huwa tunakaa matanga."

"Uhandisi si mchezo."

"Ndiyo maana tunacheza kwanza."

"Badawi hakucheza hata siku moja, na daraja lake la mfano halijavunjika mpaka leo."

"Nimeliona, Maulana. Liko kabatini, nyuma ya kioo."

"Basi?"

"Basi halijawahi kuwekewa hata kikombe. Hata mimi, nikicheza bao na waziri wako, sishindwi."

Waziri, aliyesimama nyuma ya Sultani, akatazama dari.

Sultani akatoa amri. Tangu siku hiyo, ni marufuku katika mji wa Pambazo kupakia mzigo juu ya daraja kwa kujaribu. Atakayefanya hivyo, awe awaye yote, atafukuzwa mjini. Bi Mize, kwa kuwa alikwisha kufanya, angeondoka kesho, baada ya kuona daraja la Badawi likifunguliwa na kujua kazi ya watu wazima ilivyo.

Ilimuuma. Alikuwa na wanafunzi thelathini, mitihani ilikuwa mwezi unaofuata, na hakuwa na kwao kwingine.

"Nimesikia, Maulana," akasema. "Naomba tu amri iandikwe, isije ikasahaulika."

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikasomwa sokoni.

Kesho yake asubuhi mji mzima ukajaa ukingoni mwa mto. Desturi ya Pambazo ni kwamba daraja jipya hupitwa kwanza na aliyeamuru lijengwe, peke yake, viatu mkononi. Sultani akavua viatu. Akaweka mguu mmoja. Ubao ukalia. Akaurudisha mguu.

"Badawi, daraja hili linabeba watu wangapi?"

"Kwa hesabu, Maulana, mia mbili."

"Na bila hesabu?"

"Bila hesabu, Maulana, hajapita mtu."

Sultani akautazama mto. Mvua zilikuwa zimenyesha juma zima, na maji yalikuwa mengi, tena ya rangi ya chai ya maziwa. Akawatazama watu. Watu nao walimtazama yeye, na viatu vyake mkononi. Kurudi nyumbani ilikuwa aibu, na kusonga mbele hakukumvutia.

"Leteni magunia ya mchanga," akasema. "Yapangwe juu ya daraja, moja moja. Na Badawi asimame chini yake."

Badawi akaanza kueleza habari za tumbo lake. Hakuna mwingine aliyejongea, kwa kuwa wote walikuwa wameisikia amri sokoni. Wanafunzi thelathini, nusu yao wakichechemea, wakamgeukia mwalimu wao, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake tayari kwa safari.

Sultani akamsogelea, akapunguza sauti. "Bi Mize, waambie vijana wako walete magunia."

Bi Mize akasimama, akajitwika mzigo wake.

"Maulana, huo ni mchezo, na mji huu umeacha kucheza tangu jana. Wewe pita tu. Hakuna atakayecheka."