Oili Nyeusi ya Sultani Shekue

Hapo zamani, wala si zile zamani za mbali bali hizi za juzijuzi, kwa kuwa dizeli ilikuwa imekwisha kufika, palikuwa na mji uitwao Kimbungwe. Na mji ule ulikuwa na Sultani, jina lake Shekue, mwenye majumba, mashamba, na pikapu moja ya dizeli aliyoipenda kuliko mashamba yote. Na katika mji huohuo alikuwapo fundi mmoja, Vuai, hana mbele wala nyuma, ila sanduku la spana na nyumba ya mkewe. Na nyumba ya mkewe tunaitaja kwa heshima tu, maana Bi Mwatima mwenyewe hakuwa akimhesabia.

Sasa Sultani Shekue alikuwa na desturi yake. Kila oili ikibadilishwa, Ijumaa inayofuata asubuhi huamuru boneti ifunguliwe, kisha huchomoa kijiti cha kupimia oili kwa mkono wake mtukufu, akakifuta kwa leso nyeupe. Leso ikiingia doa jeusi, basi fundi ni mwizi, amemwekea Sultani oili chakavu. Hufukuzwa mjini siku ileile, na spana zake hubaki. Mafundi wanne walikwenda kwa njia hiyo, na wa kwanza wao alikuwa mzee Nyange, aliyemfundisha Vuai kazi tangu Vuai hajui nati inafunguliwa upande gani.

Na tuseme kweli, kwa kuwa Vuai naye alikuja kuisema, ingawa alichelewa. Aliyeianzisha desturi ile ni yeye. Miaka tisa nyuma pikapu ya Sultani ilizimika mbele ya gereji yake, na ugonjwa wenyewe ulikuwa waya wa betri uliolegea, kitu cha kukaza kwa vidole. Lakini fundi gani atakaza waya akanyamaza? Vuai alifungua boneti, akasonya, akatikisa kichwa, akachomoa kijiti cha oili, akauliza lile swali ambalo mafundi wote huuliza juu ya kazi ya fundi mwingine: “Nani aliyekuwekea oili hii?”

Alijua vyema kwamba oili ya dizeli huwa nyeusi hata haijamaliza siku mbili. Aliuliza kwa mazoea tu, kama mtu asemavyo hujambo. Ila wateja wengine husikia wakasahau, na Sultani hakusahau. Ilipofika alasiri Nyange, ambaye ndiye aliyeiweka, alikuwa njiani na furushi lake. Vuai alijiambia kwamba kesho atakwenda kusema kweli, na kesho ile ikachukua miaka tisa.

Basi fundi wa nne alipofukuzwa, hakubaki fundi mjini isipokuwa Vuai. Akaitwa barazani, akasimama mbele ya kiti na kofia mkononi.

“Ewe Vuai,” akasema Sultani, “wewe ndiwe uliyenifumbua macho. Wewe unaijua oili mbaya, basi na nzuri huijui? Nenda dukani, chagua oili na filta kwa mkono wako, uniwekee leo. Ijumaa ijayo nitapima mbele ya watu. Leso ikitoka nyeupe, utakuwa fundi wa jumba hili maisha yako yote. Ikitoka nyeusi, utaacha spana zako na utautoka mji wangu.”

Vuai akaliona sanduku lake la spana likienda, akamwona na Bi Mwatima amesimama mlangoni kwake akisema kwamba yeye hahami. Akainama, akasema, “Bwana wangu, nimesikia. Ila sheria hii ni ya oili peke yake, ama ni ya kila kiingiacho safi katika nyumba ya Sultani?”

Sultani alipenda kuulizwa habari za sheria. Akakaa sawasawa, akasema, “Ni ya kila kitu. Kilichoingia safi na kitoke safi, na atakayekitoa kichafu ni mwizi.”

“Basi na iandikwe, bwana wangu.”

Ikaandikwa, ikatiwa muhuri, na mpiga mbiu akaipigia mji mzima. Watu wa Kimbungwe husema Vuai alikuwa na hila yake tangu pale. Hakuwa nayo. Aliuliza kwa sababu aliogopa, na mtu mwenye hofu hurefusha maneno.

Akaenda zake duka la vipuri. Mwenye duka akamwekea mezani mikebe miwili. Mmoja ulikuwa wa rangi ya dhahabu, una picha ya simba, na ndani yake mlikuwa na oili nyepesi ya kikale isiyo na dawa ya kufua masizi. Oili hiyo huyaacha masizi yagande ndani ya injini, nayo ikabaki na sura njema siku nyingi. Mwingine ulikuwa wa kijivu, hauna simba wala paka, una oili nzito ya dizeli, ile inayoyang'oa masizi na kuyabeba, ikawa nyeusi upesi. Wa dhahabu ungemwokoa Ijumaa na kuiua pikapu ndani ya mwaka. Wa kijivu ungeiokoa pikapu na kumtia yeye barabarani.

Vuai akauchukua wa dhahabu, akafika nao mlangoni, akarudi. Akauchukua tena, akarudi tena. Mwenye duka akamwuliza kama kapoteza kitu. Mwishowe akachukua wa kijivu, na msidhani ni uchamungu. Alijua tu kwamba injini ikifa, ataitwa yeye kuifufua. Na pia mkono ule ulifundishwa na Nyange, ukawa haukubali kuubeba wa simba. Kisha akachagua filta ya oili, ya dizeli na ya hewa, akizipindua moja moja, akihesabu mikunjo ya karatasi, akiubonyeza mpira kwa dole gumba kama alivyofundishwa, akaziacha zile nyepesi nyepesi. Akaenda akamwaga oili ya zamani, akafunga filta, akatia mpya, akairudia nyumba ya mkewe kama mtu aendaye kuaga.

Bi Mwatima alikuwa jikoni akikamua tui. Vuai akamsimulia yote, hata habari ya Nyange, ambayo hakuwahi kumwambia. Bi Mwatima akamsikiliza, mikono yake ikiendelea kukamua.

“Miaka tisa,” akasema. “Na ukila kwangu kila siku.”

“Ndiyo, mke wangu. Mimi si mtu.”

“Hilo nilikuwa nalijua.” Akakung'uta machicha kwenye sinia, akakitazama kifumbu chake cha kuchujia tui, kilichojaa mabaki. “Na hiki kifumbu nacho, je? Kiliingia safi. Mpishi wa Sultani akikitoa hivi, si ni mwizi kwa mbiu ileile?”

Vuai akaruka alipolisikia hilo. Kisha akavaa kofia, akatoka bila kula, jambo ambalo halijapata kutokea.

Akaenda jikoni kwa Sultani, akamsomea mpishi sheria neno kwa neno. Akaenda kwa dobi wa Sultani, akamsomea naye. Wote wawili waliwaona mafundi wanne wakitoka na mafurushi, wala hawakutaka kuwa wa tano na wa sita.

Basi Jumapili chai ya Sultani ikaja na majani yake yote, kwa kuwa chujio halikuruhusiwa kuchafuka. Sultani akatafuna, akadhani ni chai ya kigeni. Jumatatu wali ukaja na nazi chengachenga, maana tui halikuchujwa. Jumanne masufuria hayakusuguliwa, na Jumatano samaki akawa na ladha ya chakula cha Jumatatu. Alhamisi kanzu ya Sultani ikarudi kutoka kwa dobi imekunjwa vizuri, na doa la mchuzi limekunjiwa ndani. Waziri aliyeketi karibu na kiti akasogea kidogo upande wa dirisha.

Ikawa Ijumaa. Watu wakakusanyika uani, pikapu ikaletwa inanguruma, Vuai akafungua boneti. Alijua oili iko namna gani, maana alikuwa ameipima mwenyewe alfajiri, na ilikuwa nyeusi kama chungu. Sultani akaja amevaa kanzu yenye doa, uso umekunjamana kwa njaa ya siku nne, akanyosha mkono. “Leso nyeupe.”

Hapana aliyemletea. Akarudia. Dobi akapiga magoti.

“Mtukufu Sultani, leso nyeupe haipo hata moja. Zote ziliingia doa, na ya mwisho ilifuta oili ya fundi wa nne. Nikiifua, maji yataingia safi yatoke machafu, nami nina wake wawili na watoto.”

“Mpumbavu wewe,” akasema Sultani, “maji yakitoka machafu ndiyo yamefanya kazi. Utafuaje na maji yabaki safi? Uchafu uende wapi, ubaki kwenye nguo yangu? Na wewe mpishi, chujio lisilokamata kitu ni la nini?”

Kisha akaiangalia pikapu. Mkono wake ulikuwa bado umenyoshwa, na kijiti cha oili kilikuwa mbele yake. Akakichomoa, akakitazama, oili nyeusi ikatona juu ya kidole chake.

“Imeifua injini,” akasema polepole.

“Naam, bwana wangu. Na filta zikakamata.”

“Basi Nyange hakuwa mwizi.”

“Hakuwa.”

“Na wewe siku ile ulikuwa hujui, Vuai, ama ulikuwa unajua?”

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema alikuwa mgeni wa kazi, na Sultani angekubali, na spana zingebaki. Vuai akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akasema, “Nilikuwa najua, bwana wangu. Nilisema ili nionekane fundi. Ulivyoniamini nikaogopa, na nimeogopa mpaka leo.”

Sultani akamtazama, akaitazama kanzu yake, akamtazama Waziri pale dirishani, akaanza kucheka. Akacheka hata akaishika boneti.

“Basi wapumbavu tuko wawili,” akasema, “ila mimi nimelishwa majani ya chai kwa upumbavu wangu, na wewe hujalipa wako. Utakuwa fundi wa jumba hili, lakini fundi wa pili. Wa kwanza utakwenda kumleta kwa miguu, na sanduku lake la spana utalibeba kichwani.”

Sheria ikafutwa, na leso zikafuliwa. Vuai akatembea siku mbili mpaka alipohamia Nyange, akapiga magoti akasema aliyokuwa nayo. Yule mzee alimwonyesha sanduku jipya la spana tu. Likabebwa siku mbili nyingine, na lilikuwa zito.

Walipofika uani, Sultani mwenyewe alikuwa amesimama akimngoja. Nyange akamwamkia, akaiendea pikapu, akafungua boneti. Akasonya. Akatikisa kichwa. Akachomoa kijiti cha oili, akakishika juani muda mrefu, akachungulia na filta.

“Nani aliyemwekea Sultani oili hii?” akauliza.

Vuai akalitua sanduku. “Ni mimi, mwalimu.”

Nyange akakirudisha kijiti mahali pake, akafuta vidole kwa kanga kuukuu.

“Naona,” akamwambia Sultani. “Amechagua vizuri. Nilimfundisha mimi.”

Hekaya yangu imefika hapo. Nayo ikiwa imewafikia na masizi kidogo, msimfukuze msimulizi.