Kunde Zilizopungua Moja

Sogeeni, chungu bado hakijachemka.

Zimwi lilimwiba Mwanaheri, likamgeuza kunde. Mama yake, Bi Shumbana, alilifuata pangoni. Likammwagia kunde elfu mbili mia tano kumi na tisa.

"Mwanao yumo humo. Mchague! Ukikosea nawala nyote."

Akapanga mbili mbili; fungu la mwisho likapungukiwa moja. Tatu tatu, ikapungua moja. Nne nne, moja. Mpaka kumi kumi, ile ile moja.

"Umeshindwa, mama watu!" likacheka, kiganja kimoja limekifumba.

Lakini kila jioni tangu mwanawe aibwe, Bi Shumbana alikuwa akipakua sahani isiyo na mlaji. Pengo hilo alilijua.

"Hayumo. Zote hizi zinamngoja mmoja. Fumbua kiganja, muongo we!"

Kunde ikadondoka, ikawa Mwanaheri.

"Mama, njaa."

"Sahani yako ipo."

Haya, leteni zenu.