Mashine ya Kufikiri ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmefunga? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Alikuwapo Kiboko, tumbo pipa, roho kisoda. Akajilaza mtoni, pwaa, akatangaza kwamba hanywi mtu maji. Nguchiro akaja na wanawe watatu, ndimi nje. Akaomba, akabembeleza, wapi! Kiboko akasema watakunywa siku Nguchiro atakapomuundia kompyuta inayofikiri kama Bi Mwanakombo, mwenye shamba la maboga. Alitaka kujua kila asubuhi mama huyo anapitia njia gani, ili yeye aingie kwa njia nyingine akale.

Nguchiro fundi bwana. Akaunga waya, kuchu kuchu, mashine ikawaka. Kiboko akauliza Bi Mwanakombo atapitia wapi. Mashine ikaanza kuwaza. Mvua je? Viatu je? Goti lake la kulia je? Wifi yake kaamka vizuri? Ngurrr, mpaka jua likawa utosini, na Bi Mwanakombo kashapalilia, karudi kwake.

"Inachelewa. Punguza," akasema Kiboko.

Nguchiro akapunguza. Mvua nje, viatu nje.

"Inachelewa. Punguza."

Akapunguza. Goti nje, wifi nje. Likabaki neno moja. Ukibonyeza, ti! Kisimani. Ukibonyeza, ti! Kisimani. Jumatatu kweli, Jumanne kweli, Jumatano kweli. Kiboko akala maboga akasahau hata salamu. Na maji akawanyima vilevile, eti mpaka wiki iishe. Watoto wakawa hoi.

Alhamisi Nguchiro akapita njia ya kisimani, akakuta turubai la harusi limeiziba yote. Si mnatujua? Mwenye harusi ndiye mwenye barabara. Akarudi mbio kwa Kiboko, adabu tele.

"Shikamoo mzee. Niiongezee mashine swali moja tu?"

"Maswali yanachelewesha. Nina njaa."

"Wewe ndiwe mkubwa, mzee," akasema Nguchiro, na moyo wake unacheza chakacha.

Ti! Kisimani. Kiboko huyo, akaingia shambani kwa nyuma. Bi Mwanakombo naye, njia imezibwa, kazunguka kwa nyuma, tena kaandamana na wapishi wa harusi kumi na wawili waliofuata maboga, kila mmoja na mwiko wake. Pa! Pu! Pa! Kiboko mbio, mashine mdomoni, kila mwiko ukitua inabonyezeka: ti! Kisimani. Ti! Kisimani. Akaupita mto wake bila kugeuka, na hadi leo hajulikani alipo.

Watoto wa Nguchiro wakajitosa, chubwi chubwi chubwi, wakanywa mpaka wakalala chali. Baba yao akaunda mashine yake mwenyewe. Siku za kawaida inajibu upesi. Ikiona turubai, inakaa chini inawaza.

Hadithi yangu nimeitua hapo, mwenye bega aibebe. Na funzo lake, wanangu: mwenye akili hujibu kabla hajaulizwa. Nani hajaelewa? Asiulize, maswali yanachelewesha.