Filimbi ya Vidole vya Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mnaitikia kama hamjala. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni. Na wewe unayetafuna bisi, tafuna taratibu, maana humu itapigwa filimbi na nataka isikike.

Hapo zamani za kale palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia. Aliishi juu ya kilima cha mawe na wanawe watatu. Kila siku watoto waliteremka bondeni kula majani. Kila jioni ya kipupwe ukungu nao uliteremka, mweupe, mzito, ukafunika kila kitu. Na ndani ya ukungu alitembea Fisi.

Zamani Bibi yao alikuwa akiwaita kwa filimbi. Tii-tu-tii! Rudini nyumbani. Tii-tu-tii! Uji uko jikoni. Watoto wakiisikia, mbio, puru-puru-puru, hadi mlangoni. Lakini Bibi alifariki, na filimbi yake ikaliwa na bungua, ikawa vumbi. Pimbi hakujua kutengeneza nyingine wala kuipiga. Bibi alipokuwa hai akimwambia, "Njoo nikufundishe," yeye alijibu, "Kesho, mama." Kesho, kesho, mpaka mwalimu akaondoka.

Sauti ya Pimbi mwenyewe ilikuwa ya kukwaruza, haikufika mbali. Siku moja kitindamimba wake alichelewa sana, akarudi anatetemeka. "Mama, nimesikia mtu anacheka karibu yangu. Sikumwona."

Pimbi akaogopa kwelikweli. Asubuhi akaenda kwa Kobe, mtunza vitabu wa bonde lote.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba. Futa miguu."

"Nataka kitabu cha kunifundisha filimbi."

Kobe akampa kimoja. Kiliandikwa na nyani mmoja, fundi wa siku nyingi. "Ukirudishe kikiwa safi," akasema. "Mwaka jana Ngiri alinirudishia kitabu kina matope mpaka kwenye picha."

Pimbi akafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa dibaji. Akaona shukrani kwa mashemeji, akauruka. Nani anasoma dibaji? Na nyinyi msijifanye, nawajua. Akaenda moja kwa moja kwenye kazi. *Kata mwanzi wa shibiri mbili. Acha vidole vinne, toboa tundu la kwanza. Acha kidole kimoja, toboa la pili.*

"Vidole vya nani?" Pimbi akajiuliza. Akajijibu mwenyewe, "Aliyeandika ni nyani. Basi ni vidole vya nyani."

Akavuka mto hadi kwa Nyani, jirani yake wa ng'ambo. "Shoga, niazime mkono."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kupimia."

Nyani akacheka, lakini akanyoosha mkono. Pimbi akapima, akakata, kwa! Akapasha chuma moto, akatoboa, chwii! Moshi ukafuka. Filimbi ikatoka ndefu, nzuri. Pimbi akaishika. Kidole hiki kilifika, kile hakikufika. Akajinyoosha mpaka mkono ukaingia ganzi. Akapuliza. Foo!

Akatengeneza ya pili. Foo! Akatengeneza ya tatu. Foo!

Nyani akaichukua ile ya tatu, akaijaribu. Ikalia vizuri mno, hata ndege wakanyamaza. "Shoga, hii ni tamu! Nipe."

"Chukua zote," Pimbi akasema, na machozi yakamtoka. "Kumbe filimbi hazina kasoro. Kasoro ni mimi." Akakiweka kitabu kwapani, akaenda kukirudisha. Njiani aliona haya hata kuinua uso.

Kobe akavaa miwani, akaanza ukaguzi. Akafunua ukurasa, akaguna. Akafunua mwingine, akaguna tena. "Alama za miguu. Masizi. Hii nini, machozi? Pimbi wewe!" Kisha akarudi mwanzo, akasimama. "Na huu mbona safi hivi?"

"Huo ni wa dibaji, Mzee. Fundi anawashukuru mashemeji zake tu."

"Soma."

Pimbi akasoma. Mashemeji walikuwemo, tena wengi. Lakini chini yao palikuwa na maneno haya: *Ewe msomaji, kila nitakaposema kidole, ni kidole chako wewe. Filimbi hupimwa kwa mkono utakaoishika.*

"Yarabi!" Pimbi akasema. Akainua macho. Nje palikuwa peupe. Ukungu umeshuka, na watoto wako bondeni!

Kwa mbali akasikia kicheko. Hii-hii-hii!

Pimbi akakata mwanzi uani kwa Kobe. Moyo ulimwambia, toboa popote, haraka! Akaukatalia. Akaweka vidole vyake vidogo, vinne. Akapima. Kobe akachochea moto, akamletea chuma. Chwii! Akapima kimoja. Chwii! Mpaka tundu la mwisho.

Akapuliza. Foo!

"Kitabu kinasemaje kuhusu kupuliza?" Kobe akauliza.

"Kinasema puliza kama unayepoza uji."

"Basi poza uji, mwanangu."

Pimbi akapuliza polepole. Tiii! Filimbi ndogo, sauti nyembamba, ikapenya ukungu kama sindano. Kobe akafunua kurasa za nyimbo, lakini zilikuwa nyimbo za nyani. Pimbi akafumba macho. Wimbo aliouhitaji aliujua tangu utotoni. Tii-tu-tii! Rudini nyumbani. Tii-tu-tii! Uji uko jikoni.

Hakuna aliyekuja. Akarudia. Puru-puru-puru! Mtoto wa kwanza. Puru-puru-puru! Wa pili. Wa tatu hayupo. Pimbi akapuliza tena, na tena, midomo ikakauka. Ndipo akaja kitindamimba, anahema, majani mdomoni. Nyuma yake Fisi alifika karibu na ua, akaona moto, akageuza.

Pimbi akawakumbatia wote watatu kwa pamoja. "Mmejuaje kuwa ni mimi? Sauti hii hamjawahi kuisikia."

"Sauti siijui," kitindamimba akasema. "Lakini imesema kuna uji. Uko wapi?"

Kutwa nzima Pimbi alikuwa anatoboa mianzi, hakukoroga hata kijiko! Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika, akainjika sufuria.

Siku ya pili kitindamimba alitaka filimbi yake. Akaushika mkono wa mama yake apimie. Pimbi akautoa mkono taratibu, akafungua kitabu alichokiazima tena kwa Kobe, ukurasa wa kwanza, akamwambia, "Anzia hapa."

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo. Anayekufundisha msikilize tangu neno la kwanza, lakini kazi yako ipime kwa mkono wako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye uji jikoni akaunywe, usije ukapoa.