Ngoma ya Udongo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na viwanda vyao, nilikuwepo! Msinikodolee macho. Nilikaa juu ya rundo la kuni nikaona yote kwa macho yangu haya.

Kiboko alikuwa na tanuri la matofali. Vibarua wake walikanyaga udongo kutwa, chwa! chwa! chwa! bila hata kunyoosha mgongo. Anayeugua, anafukuzwa. Na kwa kuwa wote walikuwa hoi, udongo haukulainika, matofali yakajaa nyufa.

Siku moja Mama Punda, mwenye watoto wa kulisha, akavimba goti. Akawa anachechemea.

"We Punda!" Kiboko akanguruma. "Mguu una nini? Fungasha virago!"

Pimbi, kibarua asiyezidi kikapu kwa ukubwa, akaruka mbele.

"Ala! Bosi, unamfukuza mwalimu? Hachechemei huyo, anacheza ngoma ya udongo! Udongo usipochezewa hununa, ukinuna tofali linapasuka. Au huijui?"

Kiboko hakupenda kuonekana mshamba. "Mimi? Naijua tangu utoto!"

"Basi tuonyeshe, mzee."

"Aa... anza wewe. Nione kama unaipatia."

Pimbi akaimba: "Hatua mbili, mguu juu! Nyoosha mgongo, aaah! Kaa kivulini, kunywa uji!"

"Na uji tena?"

"Mzee, ngoma gani isiyo na chakula?"

Kiboko akaingia udongoni mwenyewe, akainua mguu. Suruali chraaa! Nyati, kibarua mwenzao, akacheka hadi akakaa chini.

Tangu hapo ikawa ngoma kila asubuhi. Hakuna aliyeugua. Udongo ukalainika, matofali yakatoka mazima, ukiyagonga yanalia ngiii!

Hata siku moja Kiboko akauliza, "Punda, mbona siku hizi huinui mguu ukitembea?"

"Goti limepona, bosi!" akajibu Punda kwa furaha. Loo! Akaziba mdomo.

"Kumbe ulikuwa mgonjwa! Pimbiii! Umenidanganya!"

Pimbi alishapanda juu ya tanuri. "Nimekudanganya, ndiyo! Tuache ngoma, bosi? Turudie nyufa?"

Kiboko akatazama matofali. Akamtazama Punda, amesimama wima.

"Nani kasema muache? Leteni uji! Na mimi bakuli kubwa!"

Watoto, anayetunza afya ya vibarua wake ametunza kazi yake.

Yote niliyaona, naapa. Ila ile suruali kupasuka... hiyo chumvi nimetia mwenyewe.